Kushoto Safi

Jumapili, 3 Machi

Kwako Dada,

Salamu nimezitanguliza kwa sababu Mama alitulea vizuri, ila usizichukulie kwamba nimepoa. Sijapoa. Simu zangu hupokei tangu jana, kwa hiyo narudi kwenye sheria ya marehemu: ugomvi ni wa karatasi. Unakumbuka alivyokuwa akitutenganisha, wewe chumbani, mimi jikoni, kila mmoja na kalamu yake, barua zikipita chini ya mlango mpaka mmoja wetu acheke. Siku hizi karatasi ni barua pepe na mlango ni safari ya siku mbili kwa basi, lakini ugomvi ni uleule.

Miaka sita, Dada. Miaka sita kila Jumamosi mchana tumekuwa tukilinda Ngome, mchezo wetu wa mtandaoni, watu wanne tu, na hakuna kikosi kilichokuwa kinatutania. Mwalimu juu mnarani. Bibi Harusi lango la mbele, yule fundi bomba mwenye ndevu aliyepata jina hilo kwa kucheza na suti siku ya ndoa yake. Mimi kulia. Wewe kushoto. Ukisema "kushoto safi" hakuna anayegeuza shingo kuhakikisha. Nimewahi kunywa maji kwa raha zangu katikati ya vita kwa sababu umesema kushoto safi.

Jana ulisema hivyo mara nne. Mara zote nne walikuja kutoka kushoto, wametembea tu, hata hawakujificha. Tumekufa kama kuku wa banda, kwenye mchezo wa mwisho wa ligi, na wewe ukavua hedifoni ukaingia mitini. Leo nimeamka nakuta umefuta jina lako kwenye kikosi. Mtandao wenyewe ndio umenipasha habari, kwa jina lako la mchezo: "Breki sasa anacheza Bustani ya Pamoja." Bustani, Dada. Wewe.

Bibi Harusi ameandika kwenye kundi letu kwamba umetuuza kwa wale wapinzani. Anasema tangu Januari umekuwa ukifungua upande wako makusudi.

Siamini maneno yake. Nimemwambia hivyo mbele ya wote.

Lakini niambie basi ni nini. Kama umeuchoka mchezo, sema umeuchoka. Kama umenichoka mimi, hilo nalo sema, nilijue.

Mdogo wako,
Kijiko


Jumatano, 6 Machi

Kijiko,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili imenichoma palepale. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "Naamini maneno yake." Unaamini kwamba nimewauza. Kisha unajisifu kwamba umemwambia hivyo mbele ya wote. Haya, hongera.

Mimi ndiye niliyekuwa nakulisha Mama akiwa kazini. Ulikuwa hukubali kuachia kijiko, unalala nacho, unaoga nacho, mpaka mtaa mzima ukakupa jina. Leo umekuwa fundi wa lifti, unapanda ghorofa ishirini, na huko juu umeona dada yako ni msaliti.

Unataka kujua ni nini, nakwambia. Nimechoka. Siku nzima niko juu ya foklifti ghalani: honi, king'ora cha kurudi nyuma, watu wanapiga kelele "shusha, pandisha, shusha." Nikifika nyumbani navaa hedifoni ili wanaume watatu waendelee kunipigia kelele. Miaka sita inatosha. Bustani ya Pamoja ina watu arobaini wasiojuana, kila mtu na kitalu chake, tunamwagilia maji na kusalimiana kwa maandishi. Hakuna anayekufa. Hakuna anayekuuliza umeona nini.

Huku kwingine ni kwema. Msimamizi amenipa foklifti mpya, ndefu kuliko zote, na alisema mbele ya wafanyakazi kwamba ananipa mimi kwa kuwa miaka kumi na moja sijagonga hata ndoo. Mwanamke wa kwanza kupanda mashine hapa ghalani na sasa ndiye anayepewa mpya. Hilo hukuuliza. Bega la kushoto tu limevimba, nimegonga fremu ya mlango wa jikoni kwa mara ya tatu wiki hii. Aliyejenga nyumba hii alikuwa na ugomvi na watu wanene.

Usiniandikie tena mpaka uwe na adabu.

Dada yako


Jumamosi, 9 Machi

Dada,

Adabu ninayo, na macho pia ninayo. Nimefungua ile barua niliyokutumia, nikaisoma neno kwa neno kama mtu anayesoma mkataba. Niliandika "Siamini." Kalikuwa katoto ka neno, peke yake mwanzoni mwa aya, na wewe umekachukua ukakageuza. Ulitaka sababu ya kununa, hukuipata, ukaitengeneza mwenyewe. Ulikuwa unafanya hivyo tukiwa wadogo, lakini wakati ule ulikuwa unacheka ukishikwa.

Sasa na mimi nikiri langu. Juzi nilijiandikisha kwenye hiyo Bustani yenu kwa jina la Mgeni Mwema. Nilitaka kuona umetuacha kwa ajili ya nini hasa. Nikatembelea kitalu chako. Nusu ya kulia, sina neno, maua yamenyooka mistari kama askari, nikasema huyu ndiye Dada. Nusu ya kushoto ni jangwa. Kila kitu kimekauka mpaka ukutani. Majirani wamekuachia ujumbe kwenye kibao, mmoja anauliza kama unataka msaidizi wa upande ule, na ujumbe una wiki tatu haujajibiwa, kumbe ulianza huko kabla hujatuaga.

Ndipo nilipokasirika upya. Maana nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba umepata kitu unachokipenda kuliko sisi, na mtu akipenda, basi, mwache. Kumbe hata huko unafanya kazi nusu. Umeaga Ngome ili uende kuua maua ya watu.

Hatujamweka mtu mwingine kwenye nafasi yako. Nataka ulijue hilo. Lango la kushoto tunalilinda kwa zamu na leo tumepigwa vibaya, lakini hatujamweka mtu. Mwalimu mwenyewe alisema tusubiri.

Pole na bega.

Kijiko


Jumanne, 12 Machi

Kijiko,

Kumbe mmemweka mtu mwingine. Siku sita tu. Na unaniambia nilijue hilo, kana kwamba unanipa zawadi. Sawa, nimelijua. Mfikishie salamu.

Na kuvizia watu kwenye mtandao kwa jina la uongo ni tabia ya nani? Kitalu changu kimejaa pembe kwa pembe, nakiona kila siku, sijui wewe ulimtembelea nani. Hicho kibao unachosema sijakiona. Labda Mgeni Mwema aliingia nyumba siyo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini sina mwingine wa kumwambia. Jana ghalani limetokea jambo. Nilikuwa napita njia ya kati na paleti mbili za mizigo juu, foklifti ikaparuza nguzo ya rafu ya kushoto. Haikuwa kishindo, ni mparuzo tu. Lakini maboksi ya safu ya juu yalikuwa hayajafungwa vizuri, yakaporomoka, na karani wa stoo alikuwa pale chini. Unamjua kwa hadithi zangu, yule mwembamba anayebandika namba na kuimba bila kujua wimbo. Mguu umevunjika chini ya goti. Niliusikia ukivunjika, Kijiko, juu ya sauti ya injini.

Alitoka ghafla. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye fomu: alitoka ghafla upande wa kushoto. Msimamizi ameipokea. Karani amepewa barua ya onyo akiwa wodini, na amesimamishwa kazi kwa kupita njia ya mashine. Mimi nimepewa siku mbili za kupumzika. Keshokutwa narudi.

Usinijibu kwa maneno ya mchezo.

Dada


Jumapili, 17 Machi

Dada yangu,

Leo sikujibu kwa hasira, na ninaomba usome taratibu. Kabla hujaendelea, weka kidole kwenye ukingo wa kushoto wa kioo cha kompyuta, pale mistari inapoanzia, ukisogeze chini mstari kwa mstari. Usiondoe kidole.

Ulipoandika "mmemweka mtu mwingine" nilitaka kurusha simu ukutani. Nilifungua barua yangu tena. Nimeandika "Hatujamweka," na nimeandika mara mbili. La pili lilikuwa katikati ya aya. Sijui hata hilo lilikupita vipi, labda la kwanza lilikuwa limeshakuchoma. La kwanza lilikuwa mwanzo kabisa wa mstari. Nikakumbuka "Siamini," nalo lilikuwa mwanzo kabisa wa mstari. Hukugeuza maneno yangu, Dada. Uliyasoma bila kichwa. Na Kiswahili chetu "hapana" yake yote imekaa kichwani mwa neno, upande wa kushoto. Ukikosa kichwa, kila ninachokukatalia unaona nimekikubali.

Basi nikapanga vitu vingine kwenye mstari huohuo. Lango la kushoto. Bega la kushoto na mlango wa jikoni mara tatu. Kitalu kilichokauka upande wa kushoto, nawe unaniambia kimejaa. Nguzo ya kushoto. Karani.

Ijumaa nilikuwa natengeneza lifti ya hospitali, nikamwambia yote muuguzi wa kliniki ya macho ghorofa ya tatu. Nilidhani atanicheka kwa kuanza na habari za mchezo wa mtandaoni. Hakucheka. Aliniuliza kama uliwahi kuumwa kichwa ghafla. Nikakumbuka Januari, ile Jumamosi ambayo hukutokea Ngome, ukasema ni mafua, ukalala siku mbili. Anasema macho yanaweza kuwa mazima kabisa, ila kiharusi kidogo kikigusa sehemu fulani ya ubongo, upande mmoja wa dunia unakatika na mwenyewe haoni pengo lolote. Alisema uende hospitali siku ileile, na tangu Ijumaa simu zangu hupokei.

Kazi yangu imenifundisha kuogopa kitu kidogo. Lifti ikianza kusimama sentimita mbili chini ya sakafu, watu wanaruka tu wanaendelea. Mimi huwa naizima na kung'oa funguo, hata kama jengo zima linanitukana.

Dada, usipande foklifti kesho. Sema unaumwa, sema nimekufa, sema chochote. Nenda hospitali kwanza. Na kama hutaki kwenda, mimi nitamwandikia msimamizi wako. Nimeliandika hili katikati ya aya makusudi ili lisikupite. Nakupa mpaka Alhamisi.

Ninaogopa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kijiko


Jumatano, 20 Machi

Kijiko,

Nimeweka kidole kama ulivyoagiza. Nimejiona mjinga.

Macho yangu yalipimwa mwaka jana ghalani, nilisoma ubao mpaka mstari wa mwisho. Leo nimefanya kazi kwa saa nane, nimepanga paleti mpaka juu, hakuna kilichoanguka. Uchovu umeupa jina la ugonjwa kwa sababu umeshindwa kukubali kwamba mtu anaweza kuuchoka mchezo wako akaenda kwingine.

Unajua nimepitia nini mpaka nikapewa hiyo mashine. Unajua wanaume wangapi wamekaa wananisubiri nikosee. Ukimwandikia msimamizi nitamwaga unga siku hiyohiyo, na atakayenimwagisha ni mtoto niliyemlisha. Ukifanya hivyo usiniite dada.

Sina zaidi.


Ijumaa, 22 Machi

Kwa Ndugu Msimamizi wa Ghala,

YAH: DEREVA WAKO WA FOKLIFTI MPYA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, ni fundi wa lifti kwa kazi yangu. Nakuandikia bila ridhaa yake, na baada ya kumwambia kwamba nitakuandikia.

Nina sababu za kuamini kwamba dada yangu haoni vitu vilivyo upande wake wa kushoto, na kwamba hali hiyo ilianza mwezi Januari. Mwenyewe anaweza asijue. Kipimo cha kawaida cha kusoma ubao hakitaionyesha. Naomba asimamishwe kuendesha mashine kuanzia siku utakayosoma barua hii mpaka apimwe na daktari wa ubongo.

Naomba pia uitazame upya ajali ya tarehe 11 Machi na adhabu aliyopewa karani.

Najua barua hii inamharibia jina mtu aliyekufanyia kazi miaka kumi na moja bila doa. Yeye ndiye mtu mwangalifu kuliko wote ninaowafahamu, na ndiyo maana najua kwamba si uzembe.

Wako mtiifu,
Mdogo wa dereva


Jumapili, 31 Machi

Kwako,

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nimeacha wazi.

Nilimwandikia. Utakuwa umeshajua. Siku tisa sijasikia neno, na ghalani wakipokea simu wanasema tu kwamba hupo. Nakaa na simu mfukoni mpaka ndani ya shimo la lifti, pale ambapo hakuna mtandao hata wa kubahatisha.

Siombi unisamehe. Ningeandika tena leo barua ileile. Naomba tu mstari mmoja wa kuniambia kwamba uko salama, hata ukiuandika kwa matusi.

Kijiko


Jumamosi, 13 Aprili

Kijiko,

Niko salama. Matusi nilikuwa nayo mengi, nimeyapunguza njiani.

Msimamizi aliniita Jumatatu ile asubuhi, barua yako iko mezani imekunjuliwa. Alininyang'anya funguo kwa upole na hilo ndilo liliniuma zaidi, bora angefoka. Hospitali walinipa karatasi na kalamu, wakaniambia nichore uso wa saa na namba zake. Nikachora. Nikajisifu moyoni kwa jinsi ilivyokaa vizuri. Daktari akaigeuza karatasi juu chini, akanionyesha: namba zote kumi na mbili nimezibananisha upande mmoja, upande wa pili mweupe. Kisha wakanipiga picha ya kichwa. Kiharusi kidogo, cha Januari. Yale hayakuwa mafua.

Sasa nafundishwa kugeuza shingo kama mtoto anayevuka barabara. Kwenye kompyuta wamenibandikia utepe mwekundu ukingo wa kushoto, nikisoma narudi mpaka niuone ndipo naanza mstari. Wiki iliyopita nilifungua barua zako zote, moja baada ya nyingine, nikianzia kwenye utepe. Nilipofika kwenye "Siamini" nilifunga kompyuta nikaenda kukaa nje. Nilikutukana kwa neno uliloniandikia kwa upendo.

Bado nina hasira nawe. Najua kwamba haina haki, lakini ipo, tutaizoea. Jambo nililokaa siku zote hizi nikishindwa kuliandika ni jingine. Nilijua, Kijiko. Jina lake sikulijua, wala sikujua ni upande, lakini nilijua kuna kitu kimeniharibikia. Sikuiacha Ngome kwa kuichoka. Niliikimbia. Pale kila kosa linaandikwa juu ya kioo, jina langu na dakika yake, mbele ya watu watatu wanaoniamini. Kwenye Bustani hakuna aliyekufa, hakuna aliyelalamika, nikajiambia basi nimepona. Kisha kila asubuhi nikawa napanda mashine ya tani tatu na nusu kwa kujiamini kwa mtu aliyepona.

Ile fomu niliandika "alitoka ghafla" na kwangu ulikuwa ukweli, maana vitu vyote vya upande ule hutoka ghafla. Lakini kabla ya kuandika nilisita. Mtu asiyejua chochote hasiti. Nilisita, nikamwona msimamizi anaangalia saa, nikaandika.

Kwa hiyo Jumatano nilirudi kwake nikamwambia hivyo hivyo nilivyokuandikia wewe: kwamba nilijua kuna kitu na nikanyamaza, kwamba karani alikuwa kwenye mstari wake, ndani ya alama za njano. Onyo la karani limefutwa na kazi yake anairudia mguu ukipona. Mimi walikuwa wamenitafutia kiti mapokezi, niwe napokea madereva. Baada ya maneno yale hicho kiti hakipo tena. Nimemwaga unga kwa mkono wangu mwenyewe, wewe usijibebeshe.

Jana nikaenda kwake karani. Anaishi na mama yake mzazi kwenye vyumba viwili, nyuma ya duka la vioo. Alikuwa mezani, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti, magongo yameegemea ukuta. Nilikaa mbele yake nikasema yote, bila kujipaka mafuta. Yeye alikuwa anafuatisha msumari mmoja wa meza kwa kidole.

Nilipomaliza hakunitukana. Alisema, "Mimi kitu kimoja tu kinanisumbua. Nilikuona unakuja. Nilikupungia mkono, ukageuza macho kwangu kabisa, tukaangaliana. Nikasema huyu ameniona. Ndiyo maana sikukimbia."

Nilimtafuta usoni nimwambie pole na sikumpata, machozi na ule upande wangu vilishirikiana, nikawa naliambia pole kabati. Mama yake alitaka kuja kunishika, yeye akamzuia. Nikamsikia anachukua magongo. Akainuka kwa shida, akazunguka meza nzima na ule mguu, ilimchukua muda, na hakutaka kusaidiwa. Akavuta kiti akakaa kulia kwangu, akasema, "Haya, sema sasa. Niko hapa."

Dada yako